Kanisa likopeshe, au liache kulaani kausha damu

Mkopo wa kausha damu ni unyang'anyi unaofanywa kwa fomu, sahihi na picha ya pasipoti. Tunaanza kwa kusema hivyo kwa sababu kwa miaka kadhaa sasa wakubwa wa nchi hii, wa serikali na wa dini, wameuzungumzia kana kwamba ni tatizo la akina mama wasiojua kupanga matumizi. Umelalamikiwa bungeni, umelaaniwa kwenye mikutano ya hadhara na umehubiriwa madhabahuni. Siku ya marejesho ikifika, mama lishe wa Mbagala bado anafunga kibanda mapema na kupita uchochoroni ili asikutane na afisa mikopo.

Tufanye hesabu ambayo fomu zao haziifanyi. Chukua mfano wa mama anayeomba shilingi 100,000. Anakatwa 10,000 ya fomu, anaondoka na 90,000. Kuanzia kesho yake anarejesha 5,000 kila siku kwa siku 30. Mwisho wa mwezi amelipa 150,000. Na hata hizo 90,000 hakukaa nazo mwezi mzima, kwani kufikia siku ya 18 alikuwa amekwisha kuzirudisha zote. Siku 12 zilizobaki anatoka alfajiri kukaanga maandazi kulipia pesa ambayo tayari iko mfukoni mwa mwenyewe. Ukomo wa riba uliowekwa kwa wakopeshaji hawa chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Tanzania ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa 100,000, hiyo ni shilingi 3,500. Mama wa mfano wetu amelipa 60,000 juu ya alichokishika mkononi.

Akikosa siku moja, anaandikiwa faini. Akikosa tatu, wanakuja kubeba godoro, mtungi wa gesi, televisheni, cherehani. Wengi hukopa kwa mkopeshaji wa pili ili kumlipa wa kwanza, kisha kwa wa tatu ili kumlipa wa pili, na mume nyumbani hajui lolote mpaka siku kochi linapotoka mlangoni.

Mtumishi wa umma ana kamba yake. Mwalimu wa shule ya msingi anaacha kwa mkopeshaji kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Mshahara ukitoka, anayesimama kwenye ATM ni mkopeshaji. Anachukua chake, anamkabidhi mwalimu kilichobaki, na kadi inarudi kwenye droo kusubiri mwezi ujao. Mtu huyo amefundisha watoto wetu siku 30, na mshahara wake ameuona wa pili.

Kisha ikaja mikopo ya kwenye simu. Hii haitaki mdhamini wala godoro. Inataka ruhusa ya kufungua orodha ya namba zote zilizomo kwenye simu yako, na ukichelewa siku moja, shemeji yako, bosi wako na mchungaji wako wanapokea ujumbe kwamba wewe ni tapeli unayetafutwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni na kuyapiga marufuku. Lilikuwa jambo jema lililochelewa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilitungwa mwaka 2018, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Ikiwa programu 69 zilipata muda wa kuwadhalilisha Watanzania mpaka zikahesabika, basi kuna watu waliokuwa wakilipwa kuzilinda sheria hizo na hawakuzilinda.

Serikali ina lingine la kujibu. Mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya madudu yaliyofichuliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, na haikurejea mpaka mwaka 2024. Mikopo hiyo isiyo na riba ilipofungiwa, kausha damu hawakufunga hata siku moja.

Leo, hata hivyo, hatuiandikii serikali. Tunaliandikia Kanisa.

Kausha damu haiulizi dini ya mtu, na viongozi wa Kiislamu wana neno lao zito juu ya riba ambalo hawahitaji kufundishwa na gazeti. Kwa Wakristo kuna jambo mahususi. Mkopaji na mkopeshaji wanakaa kanisa moja. Mama anayekimbia marejesho Jumatatu na mwenye kampuni anayemkimbiza wamepokea meza moja ya Bwana Jumapili, na mara nyingi mchungaji anawajua wote wawili kwa majina. Ni taasisi chache nchini zenye pande zote mbili za deni chini ya paa moja kila wiki. Kanisa likisema halina pa kuanzia, halisemi kweli.

Tena mkopeshaji ameiba umbo la Kanisa lenyewe. Katika miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe msingi wa kazi ya kichungaji. Leo zipo kila mtaa. Ni nyumba chache zinazofahamiana, zinazokutana kila wiki, zinazojua nani anaumwa na nani amefiwa. Makanisa ya Kiprotestanti nayo yana ibada zao za nyumba kwa nyumba. Sasa mtazame kausha damu wa vikundi. Anataka akina mama watano wanaofahamiana, wakutane kila wiki, kila mmoja amdhamini mwenzake. Ni jumuiya iliyoondolewa huruma. Mmoja akishindwa, wanne wanalazimishwa kumlipia, na urafiki wa miaka kumi unaishia kwenye kituo cha polisi. Mkopeshaji alitambua kwamba kufahamiana kwa maskini kuna thamani kuliko hati ya nyumba, akakuwekea bei. Kanisa lilikuwa na ufahamu huo miaka mingi kabla yake na likautumia kuchangisha rambirambi.

Wahubiri wetu wanapofika kwenye suala hili hukimbilia Kutoka na Walawi, wakasoma katazo la riba, wakamwonya muumini asikope. Tungependa wageuze kurasa mpaka kitabu cha Nehemia, sura ya tano, wasome polepole. Watu wa Yerusalemu walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka. Wengine walikopa kulipa kodi ya mfalme, na watoto wao walikuwa wakichukuliwa utumwani. Nehemia alikasirika, lakini hakuwahubiria wakopaji hata neno moja kuhusu nidhamu ya fedha. Aliwaita wakopeshaji, wakubwa wa mji, akawakemea mbele ya mkutano mkubwa. Kisha akakiri kwamba yeye na ndugu zake pia walikuwa wamewakopesha watu fedha na nafaka, akajiunga nao katika kuacha. Akadai mashamba yarudishwe, na pamoja nayo ile sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza. Akawaita makuhani na kuwaapisha wakopeshaji mbele yao.

Na yote hayo yalitokea katikati ya ujenzi. Ukuta ulikuwa haujakamilika. Tunawaomba wenyeviti wa kamati za ujenzi wa makanisa walikumbuke hilo, maana ndipo aibu yetu ya kwanza ilipo.

Tunajua waumini wanaochukua kausha damu ili kutimiza ahadi ya bati, saruji au gari la mchungaji. Wanaitwa kwa majina mbele ya usharika, wanapewa bahasha zenye kiasi kilichokwisha kuandikwa, wanakumbushwa kwa ujumbe wa simu karibu na mwisho wa mwezi. Katika baadhi ya madhabahu wanaambiwa waziwazi kwamba mbegu ya kukopa itazaa mara mia. Mchungaji anayemwambia mjane akope ili atoe ni wakala wa kausha damu asiyelipwa kamisheni, na waliomwekea mikono wanapaswa kumwita na kumhoji. Kanisa linaloorodhesha madeni ya ahadi na kuyafuatilia mlango kwa mlango halina mdomo wa kumkemea afisa mikopo.

Aibu ya pili ni benchi la mbele. Mwenye kampuni ya kausha damu ndiye mgeni rasmi wa harambee, ndiye mfadhili wa vyombo vya kwaya, na wakati mwingine ndiye mzee wa kanisa. Pesa anayoitoa ni zile 60,000 za mama lishe. Kuipokea huku unajua ilikotoka ni kugawana naye.

Wenzetu wa Uingereza walilijifunza hili hadharani. Mwaka 2013 Justin Welby, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, alimweleza mkuu wa kampuni ya Wonga kwamba Kanisa la Anglikana lingeshindana nayo mpaka iondoke sokoni, kwa kusaidia vyama vya akiba na mikopo. Wonga ilikuwa mkopeshaji wa mikopo ya kusubiria mshahara, na riba yake ilipopigwa kwa mwaka ilizidi asilimia 5,000. Tangazo lilishangiliwa. Mara moja ikafichuka kwamba mfuko wa uwekezaji wa Kanisa lenyewe ulikuwa na pauni 75,000 hivi ndani ya Wonga, kupitia mfuko mwingine. Welby hakuficha uso. Alikiri kwenye redio kwamba ni fedheha, na mwaka uliofuata Kanisa likatoka. Mwaka 2015 mamlaka ya masoko ya fedha ya nchi hiyo ikaweka ukomo: riba na ada zisizidi asilimia 0.8 kwa siku, na mkopaji asilipe kamwe zaidi ya mara mbili ya alichokopa. Agosti 2018 Wonga ikaanguka, ikiwa imezidiwa na madai ya fidia ya wateja wake.

Tusijidanganye kwamba askofu ndiye aliyeiangusha. Vyama vya kuweka na kukopa vilivyosaidiwa na parokia vilikuwa vidogo mno mbele ya kampuni ile. Kilichoiangusha ni sheria na malalamiko ya watu walioumizwa. Ila sauti ya Kanisa ilifanya ukopeshaji wa aina hiyo kuwa jambo la aibu katika nchi nzima, na sauti hiyo ilipata nguvu baada ya Kanisa kujisafisha mbele ya watu. Huko Marekani, jimbo la South Dakota, mchungaji Steve Hickey wa chama cha Republican alishirikiana na Steve Hildebrand, mwanamikakati aliyemfanyia kazi Barack Obama, kupeleka suala hili kwa wapiga kura. Mwaka 2016 wananchi wakapitisha ukomo wa asilimia 36 kwa mwaka, kwa kura zaidi ya saba katika kila kumi. Watu wawili wasiokubaliana karibu katika lolote la siasa walikubaliana katika hili. Asilimia 36 kwa mwaka ni asilimia tatu kwa mwezi, chini kidogo ya ukomo ambao Tanzania tayari inao kwenye karatasi.

Basi Kanisa la Tanzania lifanye nini?

Watatujibu kwamba tayari lina SACCOS, na lina benki. Ni kweli, na tunaliheshimu kwa hilo. Benki ya Mkombozi ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 2009, na Maendeleo Bank ilitokana na Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya KKKT mwaka 2013. Lakini benki ina masharti ya mtaji na ya wasimamizi wake, na haiwezi kufungua faili kwa ajili ya shilingi 80,000. SACCOS nazo zinataka hisa, akiba ya miezi kadhaa, wadhamini wawili na kikao cha kamati ya mikopo. Mama anazihitaji hizo 80,000 kwa mtoto anayeumwa usiku wa Jumanne, kamati inakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kausha damu anatoa pesa Jumatano saa nne asubuhi, haulizi mengi, na hamwambii mtu. Hiyo ndiyo siri yake yote: ni mwepesi na ni msiri. Riba ile ya kikatili watu hawaioni kwa sababu wanamtazama mtoto.

Kanisa linahitaji mfuko wa dharura unaokopesha siku hiyohiyo. Uwe kwenye jumuiya au mtaa wa usharika, kiwango kisichozidi shilingi 200,000, marejesho ya miezi mitatu, bila riba. Tunasema bila riba kwa sababu Nehemia alidai hata sehemu ya mia irudishwe, na kwa sababu parokia yenye uwezo wa kuezeka kanisa ina uwezo wa kupoteza kiasi kidogo kwa watu wake. Parokia yenye jumuiya 30, kila moja ikipewa shilingi milioni moja, inahitaji milioni 30. Kwa parokia ya mjini iliyokwisha kufanya harambee ya mnara wa kengele, hicho si kiasi cha kutisha.

Tunazijua hoja za kupinga, na mbili ni nzito. Ya kwanza ni kwamba watu hawatarudisha, kwa kuwa watasema pesa ya kanisa haina mwenyewe. Wapo watakaosema hivyo. Ndiyo maana mfuko ukae kwenye jumuiya ambako mkopaji anaonana na wenzake kila wiki, na kiasi kiwe kidogo ili anayeshindwa asihitaji kuhama mtaa. Hoja ya pili inatuumiza zaidi kwa kuwa ni ya kweli: kuna SACCOS za makanisa zilizokufa kwa wizi wa viongozi wake. Wenyeviti walijikopesha mamilioni, wahasibu wakatoweka, askofu akaomba yasisemwe nje ili kulinda jina la Kanisa. Hapo tunataka ukali. Mweka hazina asiwe ndugu wa mchungaji, hesabu zibandikwe ubaoni kila mwezi, na anayeiba apelekwe polisi kama mwizi mwingine yeyote. Tena sheria ifuatwe: kikundi cha kijamii husajiliwa kupitia halmashauri, SACCOS hupata leseni kupitia Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kanisa likikopesha bila usajili litakuwa limefanya kosa lilelile tunalolilalamikia.

Mkopo peke yake hautoshi kwa aliyekwisha kunaswa. Huyo anahitaji mtu wa kusimama naye. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inamkataza mkopeshaji kuingia nyumbani kwa mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, mdaiwa mwenyewe amletee. Inakataza pia kuchukua rehani mawe ya kusagia, kwa kuwa ni kuchukua uhai wa mtu. Mawe ya kusagia ya leo ni cherehani, jiko la chipsi, pikipiki ya bodaboda. Tunataka siku afisa mikopo na vijana wake wanapofika kubeba cherehani, mchungaji au katekista awe amesimama mlangoni, akiomba kuona leseni ya Benki Kuu, akiomba kuona mkataba, akipiga hesabu ya riba kwa sauti mbele ya majirani. Sharika nyingi zina mhasibu, na zina mwanasheria au mwanafunzi wa sheria. Jumamosi moja kwa mwezi wakae ofisini, wasome mikataba ya watu, waandike malalamiko kwa Benki Kuu na kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na waende na mkopaji kwa mkopeshaji kujadili upya deni. Wengi wa wakopeshaji hawa hawana leseni. Wakiombwa na mtu mwenye kola ya uchungaji waionyeshe, wengi watakumbuka shughuli nyingine.

Na maaskofu waseme kwa majina. Barua za kichungaji zinazolaani "mikopo kandamizi" kwa ujumla hazimsumbui mtu. Watamke kwamba mwenye biashara ya mikopo inayovunja ukomo wa sheria hatachaguliwa kuwa kiongozi wa halmashauri ya walei wala mzee wa kanisa, hataalikwa kuwa mgeni rasmi wa harambee, na sadaka yake itarudishwa mpaka awarudishie watu. Kanisa limewahi kuwatenga washarika kwa makosa ya ndoa bila kutetemeka. Hatuoni kwa nini litetemeke mbele ya mtu anayewavunjia wenzake ndoa zao kwa madeni.

Tunarudia hukumu yetu. Kanisa lisilo tayari kumkopesha mama yule shilingi 80,000 Jumanne usiku halina haki ya kumlaumu kwa kuzitafuta kwingine Jumatano asubuhi. Likopeshe, au liache kulaani.

Kila parokia na kila usharika hupitisha bajeti yake ya mwaka. Tunawaomba wajumbe wa kamati za fedha, katika bajeti ijayo, waandike kifungu kimoja kipya juu ya kile cha ujenzi: mfuko wa mikopo ya dharura. Jumapili inayofuata, katika matangazo, kiasi kilichotengwa kisomwe kwa sauti, pamoja na jina na namba ya simu ya mtu wa kuonana naye usiku.